Unabuku meli ya kitalii ukiwa Uganda? Jua kwanza kabini iko wapi na utakula wapi

Haya jamani, tangu watu wajue kwamba sisi tumepanda meli ya kitalii mara mbili, simu yangu haipumziki. Wa Entebbe anapiga, wa Busia anapiga, majirani wa hapa Jinja ndo usiseme, na swali ni lilelile: nichukue chumba gani, na chakula je, nalipia ama kimo ndani ya tiketi? Nimeona niandike yote pahali pamoja maana pesa yenyewe si ndogo, mtu anaweka akiba miaka miwili, pengine ameuza na ng'ombe, alafu anaenda kulala pahali ambapo jicho halifungi. Hilo linaniuma kweli kwa sababu ndo lililotupata sisi.

Tulikuwa wanne: mimi na mzee wangu (mume wangu), mama yangu mzazi, na mdogo wangu wa kike wa kulala na mama. Kabini mbili, maana nyie mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja, hata iwe safari. Ajenti akatuambia chukueni za balkoni, hizo ndo za watu wa maana. Tukalipa. Hakusema ziko deki gani, yaani ghorofa gani ya meli, wala juu yake kuna nini, na sisi hatukujua kuuliza. Kumbe juu yetu ni bufe, ule ukumbi wa kujipakulia chakula. Saa kumi na moja alfajiri wanaanza kupanga viti, vinakokotwa sakafuni, matroli ya sahani yanapita, mama ana presha na hakulala vizuri siku tatu mfululizo. Na hiyo balkoni yenyewe tulikaa labda masaa mawili kwa safari nzima, mchana jua kali na sisi tuko nje tunatembea.

Safari ya pili tukachukua kabini za ndani kabisa, hazina hata dirisha, deki ya chini katikati ya meli, kwa bei ya chini sana kuliko ile ya kwanza. Tukalala kama watoto. Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili: usilipie jina la kabini kabla hujajua mahali ilipo.

AINA ZENYEWE, HARAKA HARAKA

Kabini ziko za aina nne. Ya ndani, haina dirisha, na ukizima taa ni giza totoro hata saa sita mchana. Ya dirisha, unaona bahari lakini mara nyingi dirisha halifunguki. Ya balkoni, una kibaraza chako na viti viwili. Alafu suti, hiyo ya wenye nazo. Za kawaida zote ni ndogo, ya ndani nyingi ni kama mita za mraba 13 mpaka 17, kwa hiyo begi liwe la kuingia chini ya kitanda, usiende na yale masanduku makubwa ya kutoka Dubai.

Ya ndani inafaa wanaolala usingizi mzito na wanaoshinda nje. Haimfai mtu anayebanwa na kifua akiwa chumba kilichofungwa, huyo mchukulie dirisha, hata kama ni dogo. Ila dirisha nalo liangalie: kuna mengine yamezibwa na maboti ya kuokolea, unafungua pazia unakutana na boti la rangi ya chungwa. Bei yake inakuwa chini na kwenye maelezo wanaandika kwamba mandhari imezibwa, wewe soma maelezo yote mpaka mwisho usiishie kwenye picha.

Balkoni mimi siikatai. Kama safari ina siku nyingi za kukaa baharini tu bila kutia nanga, ama kuna mgonjwa au mtu mzima asiyeweza kupanda na kushuka, balkoni inamfaa sana, anapata upepo bila kutoka. Kama meli inatia nanga karibu kila siku, unalipia kiti usichokalia.

MAHALI, HAPA NDO PENYEWE

Kila kampuni ya meli inaweka ramani ya deki kwenye tovuti yake, bure, deki moja moja na namba za vyumba. Ifungue kwenye simu kabla hujatuma hata shilingi. Tafuta namba ya kabini yako, alafu (hapa wengi hawafanyi) fungua ramani ya deki ya juu yake na ya chini yake, uangalie pahali hapohapo kuna nini. Unachotaka ni vyumba juu yako na vyumba chini yako. Watu wanaolala hawapigi kelele. Juu ikiwa ni bufe, bwawa la kuogelea, jimu au uwanja wa watoto, kimbia. Chini ikiwa ni disko au ukumbi wa muziki, kimbia pia, ile besi inapanda mpaka kwenye godoro. Na kwenye ramani ukiona eneo jeupe halina namba wala jina, mara nyingi ni jiko au stoo ya wafanyakazi, na jiko la meli halilali.

Mbele kabisa kwenye omo utasikia nanga ikishushwa asubuhi meli ikifika bandarini, mnyororo ule ni mzito na unanguruma. Nyuma kwenye tezi deki za chini utasikia mtetemo wa injini. Karibu na lifti watu wanapita mpaka usiku wa manane wakicheka, lakini mbali sana na lifti mtu mwenye magoti mabovu anateseka, kwa hiyo sisi tulichukua vyumba kama vitano hivi kutoka lifti, si vya kutazamana nayo. Angalia pia kama kabini ina mlango wa ndani wa kuunganisha na ya jirani. Kwa familia yenye watoto huo mlango ni mzuri sana, kwa wengine ni ukuta mwembamba tu, utasikia jirani akikohoa.

Alafu mambo ya kichefuchefu. Wewe umeshapanda takisi ya kwenda upcountry kwenye njia ya mashimo, unajua siti ya nyuma kabisa inavyorusha watu na siti ya katikati ilivyo na nafuu. Meli ni hivohivo. Mbele na nyuma zinapanda na kushuka, na ukienda deki za juu unayumbishwa huku na huku. Katikati na chini ndo kumetulia. Watu wanadhani kabini ya juu ni bora kwa sababu bei ni kubwa, kumbe siku bahari ikichafuka wao ndo wa kwanza kushika ndoo.

Kama hujawahi kupanda chombo chochote majini, jipime kwanza hapa kwetu. Panda feri ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo pale Entebbe mpaka Lutoboka kwenye kisiwa cha Bugala, huko visiwa vya Ssese, ni masaa matatu na nusu hivi, ziwa likiwa na upepo utajua tumbo lako ni la aina gani. Haifanani na bahari, sawa, lakini mtu anayetapika kabla hata ya kufika Ssese asijaribu kuchukua kabini ya omo deki ya 12. Na bahari zenyewe hazilingani. Meli zinazotoka Dubai kuzunguka Ghuba huwa kwenye maji yaliyotulia kiasi, zile za kutoka Durban kupanda Msumbiji zinakutana na mawimbi ya kweli ya Bahari ya Hindi. Zote mbili msimu wake ni karibu Novemba hadi Machi au Aprili, na hizo mbili ndo nawaambia watu wa hapa waanze nazo, maana kutoka Entebbe ndege za moja kwa moja zipo, ya Dubai na ya Johannesburg. Viza shughulikia mapema. Na fika mji wa bandari siku moja kabla, ndege ikichelewa meli haikungojei.

KABINI YA GARANTII NA BEI ZINAZODANGANYA JICHO

Utaona bei ya chini kuliko zote, imeandikwa garantii. Maana yake wanakuhakikishia aina ya kabini lakini namba watakuchagulia wao, pengine siku chache tu kabla ya safari. Unaweza kubahatika ukapewa nzuri kuliko uliyolipia, unaweza kuwekwa chini ya bufe kama sisi. Kijana mmoja mwenye usingizi wake mzuri, achukue. Ukiwa na mzazi, na mtoto mchanga, ama unatapika kirahisi, ongeza pesa kidogo uchague namba mwenyewe. Kampuni nyingine, kwa mfano MSC, wana daraja la chini wanaliita Bella ambalo kabini unapangiwa, na ukipanda daraja la Fantastica unachagua mwenyewe kabini, na saa ya chakula cha jioni unapewa kipaumbele. Kwa hiyo usilinganishe bei mbili kabla hujajua ni daraja gani na daraja gani.

Jambo lingine: bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja mkiwa wawili chumbani. Ukienda peke yako mara nyingi unalipa karibu mara mbili, kwa sababu kitanda cha pili kinabaki kitupu. Meli chache zina vyumba vya mtu mmoja, kampuni ya Norwegian walianza navyo mwaka 2010 kwenye meli yao ya Epic, lakini ni vichache na vinaisha mapema. Mtu wa tatu na wa nne kwenye kabini moja analipa kidogo, kwa hiyo mabinti wanne wa chuo wakijibana kwenye vitanda vya kushusha kutoka ukutani wanaokoa sana, ila bafu ni moja tena dogo, mpangiane zamu.

Ukiwa na mtu wa kiti cha magurudumu, omba kabini maalum mapema sana, mlango wake ni mpana na bafu halina kizingiti. Mabafu ya kawaida yana kizingiti cha kupanda na mama yangu alijikwaa mara mbili.

SASA CHAKULA

Chakula kingi kimo ndani ya tiketi, msiogope. Kuna ukumbi mkubwa wa kula ambapo weta anakuletea mezani, na kuna bufe ambapo unajipakulia. Hizo mbili zimeshalipiwa, asubuhi, mchana na jioni. Maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi kwa kawaida hulipii. Soda, bia, kahawa za mashine na maji ya chupa unalipia. Alafu kuna migahawa ya pembeni, ya nyama choma ya Kimarekani, ya Kijapani, ya Kitaliano, hiyo unaongeza pesa, kwa nyingi ni kama dola 30 mpaka 60 kwa kichwa. Mimi nasema wazi, kwa wiki moja nenda huko mara moja tu kama mnasherehekea kitu, si zaidi, maana ukumbi mkubwa chakula chake ni kizuri na umeshakilipia. Na ukitaka kwenda, uliza kama wanafungua mchana siku za baharini, mchana bei huwa ya chini.

Ukumbi mkubwa una mipango miwili. Wa kwanza ni saa maalum, unapangiwa zamu ya mapema karibu saa kumi na mbili jioni au ya pili karibu saa mbili na robo usiku, meza ileile, weta yuleyule safari nzima. Wa pili ni saa yoyote unayotaka, unafika unaonyeshwa meza iliyo wazi, weta tofauti kila siku. Vijana wanapenda huo wa pili. Mimi kwa familia yenye mgonjwa au masharti ya chakula nachagua wa kwanza bila kufikiri. Mama yangu ana kisukari. Siku ya kwanza tulimweleza weta polepole, siku ya pili akaja mwenyewe na matunda badala ya keki, siku ya tatu alikuwa anamletea menyu ya kesho yake usiku huo ili jiko lijue mapema. Ungekuwa unakutana na mtu mpya kila jioni ungeeleza upya mpaka uchoke. (Na dawa: kile kifriji cha kabini mara nyingi ni cha kupoza soda tu, insulini usiiamini humo, omba friji ya dawa kabla ya safari.)

Zamu ya mapema ina shida yake, siku mmeshuka mjini mnarudi mbio mbio na kuoga hakuna. Ikitokea hivo nendeni bufe, hakuna anayewagombeza.

Na suala la meza. Meza nyingi ni za watu sita, wanane, wanakuchanganya na wageni. Kwetu mzee wangu hawezi kukaa meza moja na mama, ni heshima, na sikutaka mama ale peke yake kama mkiwa. Niliandika barua pepe mapema nikaomba meza mbili za watu wawili zilizo karibu, nikaeleza kwamba ni desturi ya ukoo. Walikubali bila neno. Tukawa tunaongea na mama upande wa pili na mzee wangu akampa mgongo, kila mtu akala kwa amani. Kwa hiyo msione haya kuomba, ila ombeni kabla, si mkiwa mlangoni na foleni nyuma yenu.

HALALI NA TUMBO LETU

Kwa Waislamu wenzangu: neno halali liandikwe kwenye bukingi yako mwezi mmoja au miwili kabla, kwa maandishi, na urudishiwe jibu kwa maandishi. Si kila meli ina nyama iliyochinjwa halali, nyingine watakuletea chakula cha pakiti, nyingine watakwambia samaki na mboga. Afadhali ujue ukiwa nyumbani. Ukifika, muulize mkuu wa maweta, si kijana anayebeba sahani, kuhusu supu na mchuzi, maana mchuzi unaweza kuwekewa mvinyo na jicho halioni. Ukishindwa kabisa, ulizia vyakula vya Kihindi vya mboga, meli nyingi zina wapishi wa Kihindi, utapata dengu, wali na aina ya chapati, tumbo litatambua. Matoke na posho usitegemee. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya msimu, kwa hiyo ukisafiri ukiwa umefunga chukua mpango wa saa yoyote na uulizie daku chumbani, kuna meli huduma ya chumbani ni bure na nyingine unalipia kila oda.

Bufe nenda mapema au uchelewe, ile saa ya katikati ni msukumano kama stendi ya takisi Krismasi. Nawa mikono kwa sabuni kila unapoingia, ugonjwa wa kutapika na kuhara ukiingia melini unasambaa haraka kwa sababu watu wote wanashika kijiko kimoja.

Kuna usiku mmoja au miwili wa kuvaa rasmi. Usikope suti. Vazi la kitaifa linakubalika, mama alivaa gomesi yake ya hariri na mzee wangu kanzu na koti, watu wakaomba kupiga nao picha.

PESA ZINAZOONGEZEKA POLEPOLE

Melini hutumii noti, unatumia kadi ya chumba na deni linajikusanya. Kuna bakshishi ya lazima au karibu lazima, kwenye meli nyingi za Kimarekani ni kama dola 16 mpaka 20 kwa mtu kwa siku. Piga hesabu: dola 18 kwa watu wawili kwa siku 7 ni dola 252, karibu laki tisa zetu, na ajenti wengi hawaitaji. Uliza kama imo ndani. Juu ya kila kinywaji wanaongeza tena asilimia 18 au 20 hivi.

Pakeji ya vinywaji usiinunue kwa hofu. Tuseme ni dola 70 kwa siku na bia moja dola 8, inabidi unywe tisa kila siku ndo urudishe pesa. Na kampuni kadhaa zinasema mtu mzima mmoja akinunua ya pombe, wote wazima wa kabini hiyo wanunue, hata asiyekunywa. Sisi tulinunua soda mojamoja, basi.

SAA YA KWANZA MELINI

Mkishapanda, watu wote watakimbilia bufe. Nyie fanyeni hivi. Mmoja aende kabini, asimame kimya dakika tano asikilize juu na ukutani, kama kuna kelele mbaya ashuke mapokezi siku hiyohiyo, vyumba vikiwa wazi wanaweza kukuhamisha, kesho yake itakuwa ngumu. Mwingine aende ukumbi mkubwa akaone meza yenu kwa macho, asalimiane na mkuu wa maweta, amkumbushe habari ya halali na kisukari. Ukumbi wenyewe mara nyingi uko nyuma upande wa tezi, na meli kubwa ina urefu wa mita 300 na zaidi, kwa hiyo hapohapo mtajua mzee atatembea kiasi gani kila jioni. Mazoezi ya usalama msikose. Na kwenye begi la mkononi muwe na adapta, soketi za melini nyingi ni za Kimarekani na za Ulaya, plagi zetu za meno matatu haziingii. Ekstensheni za nyumbani na pasi ziacheni Jinja, wanazichukua pale kwenye mashine ya kukagua mizigo mnarudishiwa siku ya kushuka.